Nyumba Yenye Nafasi



Asubuhi moja simama mlangoni pa nyumba yako, utazame ndani kana kwamba wewe ni mgeni. Unaona nini? Labda unaona meza iliyojaa masufuria, chupa tupu na nguo ambazo hazijakunjwa. Chini ya kitanda kuna masanduku, viatu vya mtoto aliyekwisha kukua, na redio ambayo hailii tena. Pembeni kuna gunia la makala. Na kitabu kiko wapi? Kiko chini ya vitu vingine, au hakuna ajuaye mahali kilipo.

Wengi husema, "Nyumba yetu ni ndogo, ndiyo sababu." Ni kweli kwamba nyumba nyingi za Lubumbashi ni ndogo. Huko Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, jamaa kubwa hukaa katika vyumba viwili au vitatu. Lakini udogo wa nyumba si sababu yote. Nyumba ndogo yenye vitu vichache ina nafasi, na nyumba kubwa iliyojaa vitu haina nafasi.

Katika sura hii tutajifunza mambo matatu: kuondoa vitu vilivyozidi, kupika chakula cha kawaida kwa akili, na kusoma kila siku. Labda utauliza, "Mbona hospitali inatuambia habari za masufuria na vitabu? Kazi ya hospitali ni kuponya." Sikiliza. Magonjwa mengi huanza nyumbani, na nyumbani ndipo yanapoweza kuzuiwa. Tena mambo haya matatu yamefungana. Vitu vikiondoka, vinaacha mahali. Moto ukiwaka muda mfupi, unaacha saa. Mahali na saa ndivyo anavyohitaji mtu anayetaka kusoma. Na mtu anayesoma huilinda jamaa yake.

CHUPA ILIYO CHINI YA MEZA

Fikiri habari ya nyumba moja. Baba amenunua petroli ya taa. Hana chombo, basi anaitia katika chupa ya limonadi na kuiweka chini ya meza, katikati ya chupa nyingine. Hakuandika neno lo lote juu yake. Anasema moyoni, "Mimi naijua." Siku ya tatu mtoto wa miaka miwili anarudi kutoka kucheza, naye ana kiu. Anaiona chupa ya limonadi, anakunywa.

Jirani anakuja mbio na kusema, "Mtapisheni upesi!" Mwingine anasema, "Mpeni maziwa!" Shauri lote mbili si jema. Petroli ikipanda tena kooni, ni rahisi iingie katika mapafu, na huko ndiko inakoleta hatari kubwa. Mtoto aliyekunywa petroli asitapishwe kamwe. Mvue nguo zilizolowana petroli, mpeleke hospitali mara moja, na uichukue ile chupa ili daktari aione. Fanya vivyo hivyo kwa mtoto aliyekunywa soda kali ya kupikia sabuni. Soda ile huchoma koo ikishuka, na ikipanda kwa kutapika huchoma mara ya pili.

Nani alikosa katika habari hii? Si mtoto. Mtoto alifanya kama watoto wote wafanyavyo. Kosa lilikuwa kwamba chupa zilikuwa nyingi, ya sumu ikakaa pamoja na za kunywea, wala haikuwa na jina. Basi shika amri hizi tatu. Usitie sumu katika chupa ya kinywaji. Andika jina juu ya kila chombo. Weka petroli, soda ya sabuni, dawa ya panya na dawa za hospitali mahali pa juu, penye kufuli kama inawezekana.

KWA NINI TUNAWEKA VITU VINGI?

Tusimcheke mama anayehifadhi kila mkebe na kila kitambaa. Yeye si mjinga. Amezijua siku za kukosa. Wazee wa mji huu wanakumbuka miaka ya 1990, kazi ya Gécamines ilipoanguka, mishahara ikachelewa, na watu wakauza viti na vitanda ili wapate unga. Tena tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ile waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mtu aliyepita katika siku kama hizo huogopa kutupa kitu. Husema, "Labda kesho kitanifaa."

Lakini ujiulize: Je, kitu hiki kinanifaa kweli, au kinafaa panya? Rundo la vitambaa na makaratasi ni nyumba ya panya na mende. Mbu hupenda kupumzika mchana mahali penye giza, nyuma ya masanduku na nguo zilizotundikwa. Mikebe na matairi ya zamani katika lupango hushika maji ya mvua, na katika maji hayo mbu wengine huzaana, wale wanaoleta homa nyingine zisizo malaria. Kitu kisichotumika kina gharama yake, hata kama hukukilipia leo.

NAMNA YA KUONDOA VILIVYOZIDI

Usianze na nyumba nzima. Utachoka kabla ya adhuhuri, na jioni vitu vitakuwa vingi sakafuni kuliko asubuhi. Anza na mahali pamoja: chini ya kitanda kimoja, au meza moja. Toa vitu vyote nje juani. Kisha gawanya mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyotumika kila juma. Hivi virudi ndani, na kila kimoja kipate mahali pake, hata mtoto aweze kukiona gizani.

Fungu la pili ni vitu vya kutengeneza. Vipe mwezi mmoja. Kama mwezi umekwisha na kiti bado kina miguu mitatu, hakitatengenezwa. Kitoe.

Fungu la tatu ni vitu vizuri ambavyo wewe huvihitaji tena. Nguo za mtoto aliyekua zinamngoja mtoto mwingine. Mpelekee jirani au shemeji, au ulizia kanisani ni nani ana mtoto mchanga. Lakini usimpe mtu takataka ukaiita zawadi. Fua kwanza, shona kilichopasuka, ndipo utoe.

Fungu la nne ni vitu vya kutupa. Visitupwe katika mfereji, maana mvua za mwezi wa kumi na mbili zikija, mfereji ulioziba hurudisha maji machafu mlangoni pako, na maji hayo huleta kuhara na kipindupindu. Plastiki isichomwe karibu na nyumba, kwa kuwa moshi wake ni mbaya kwa kifua. Betri ya motokaa iliyokufa isikae ndani wala watoto wasiichezee, maana ina risasi, ambayo huharibu akili ya mtoto. Dawa zilizobaki au zilizopita tarehe, zirudishe kwa mwuguzi au mwuza dawa. Usizihifadhi kwa ajili ya mgonjwa wa kesho.

HABARI YA VUMBI LETU

Lubumbashi ni mji wa shaba. Tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, umekaa karibu na tanuru na mlima wa mabaki yake. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na matanuru ya Katanga walikuwa na madini mengi katika mkojo wao, hasa kobalti. Madini huingia mwilini kwa vumbi, kwa chakula na kwa mikono michafu. Watoto hupata zaidi, kwa kuwa hucheza chini na kutia vidole kinywani.

Huwezi kuusafisha mji wote, lakini nyumba yako unaweza. Usifagie sakafu kavu, maana ufagio huinua vumbi kisha linashuka katika sufuria. Nyunyiza maji kwanza, au panguza kwa kitambaa chenye maji. Hapo utaona faida ya kuwa na vitu vichache: sakafu tupu hupanguzwa kwa dakika 10, lakini sakafu iliyojaa vitu haipanguzwi kamwe. Osha mboga kwa maji safi zaidi ya mara moja. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mtu anayefanya kazi ya mgodi avue nguo za kazi nje, na zifuliwe peke yake. Gunia lililobeba mawe ya mgodi lisitiwe unga hata mara moja.

CHAKULA CHA KAWAIDA, KILICHOPIKWA KWA AKILI

Watu wengine hudhani kwamba chakula bora ni chakula cha mikebe kutoka dukani. Sivyo. Bukari, maharagi, lengalenga, matembele, sombe, kapenta, karanga na mapapai ni chakula bora, kama vikiwekwa pamoja. Bukari peke yake hushibisha tumbo lakini haijengi mwili. Kumbuka hivi: kila siku bukari ipate mwenzake wa kujenga mwili, yaani maharagi, karanga, kapenta au yai; tena ipate mwenzake wa kulinda mwili, yaani majani mabichi na tunda. Mtoto mdogo apewe fungu lake katika sahani yake, asishindane na wakubwa.

Shika pia maneno haya machache. Majani ya lengalenga na matembele yapikwe katika maji kidogo na kwa muda mfupi, kisha yatiwe mafuta kidogo, maana mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A inayolinda macho. Mawese yasichomwe mpaka yageuke meupe, kwa sababu rangi yake nyekundu ndiyo yenye faida. Lakini sombe si kama majani mengine. Sombe mbichi ina sumu. Itwangwe vema, ichemshwe muda mrefu, na kwanza bila kifuniko, ili sumu itoke pamoja na mvuke. Karanga zenye ukungu zisiliwe wala zisisagwe, kwa maana sumu ya ukungu ule huharibu ini, wala moto hauiondoi.

Sasa tuseme juu ya makala. Makala ni ghali, na miti ya mwombo inazidi kukatwa mbali na mji. Maharagi yakipikwa saa tatu nzima juu ya mbabula hula makala mengi, tena humfunga mama asiende mahali po pote. Iko njia nyingine, nayo ni kikapu cha kupikia bila moto. Kitengeneze kwa vitu ulivyovikuta chini ya kitanda.

Chukua kikapu kikubwa au sanduku la mbao. Tandika ndani mablanketi mazee na nguo zilizochakaa, zilizofuliwa na kukauka, unene wa kiganja kizima chini na pande zote. Acha katikati mahali pa sufuria. Shona mto wa vitambaa wa kufunika juu. Kisha fanya hivi:

1. Jioni loweka maharagi katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale.

2. Tia maji mapya na uchemshe kwa nguvu muda wa dakika 30, sufuria likiwa na kifuniko. Usipunguze muda huu, maana maharagi yasiyochemka vema huumiza tumbo. Sufuria liwe karibu kujaa, kwa kuwa lililojaa hushika joto kuliko lililo nusu.

3. Toa sufuria, ukitazama sana kama kaa la moto halikushikamana nalo chini. Liweke upesi katika kikapu, ufunike kwa mto.

4. Usifunue kwa muda wa saa nne. Mama akienda sokoni au kanisani, maharagi yanaendelea kuiva.

5. Kabla ya kula, yachemshe tena vizuri, utie chumvi, kitunguu na mafuta. Chakula kisilale katika kikapu mpaka kesho yake, maana joto likipungua kitaharibika.

Tena neno moja la kuonya. Katika mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lubumbashi ni kali usiku, na watu huingiza mbabula ndani ili walale katika joto. Usifanye hivyo hata siku moja. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu waliolala hawaisikii, na asubuhi hawaamki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Mbabula ikae nje, na ndani tujifunike mablanketi.

SAA ILIYOBAKI: SOMA

Sasa nyumba ina pembe iliyo wazi, na jioni ina nusu saa ambayo zamani ililiwa na moto. Usiiache ipotee. Soma.

Labda utasema, "Kusoma ni kwa watu wa shule kubwa. Mimi ni mpishi tu, mimi ni mfagiaji." Basi sikia habari ya mji wako mwenyewe. Mwaka 1965 watu waliokuwa wamefanya kazi ya nyumbani kwa Wazungu wa mji huu, wale waliopika, waliofua na waliopanguza meza, walitoa kitabu chao. Mwandishi wao, André Yav, alikiandika katika Kiswahili cha hapa, nacho kinasimulia habari za mji huu na za watu waliofanya kazi ndani yake. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wasomi wa nchi za mbali hukisoma ili wajue habari za Lubumbashi. Wapishi waliandika, na maprofesa wanasoma. Je, mpishi hawezi kusoma?

Kusoma kuna kazi kila siku. Anayesoma huona tarehe ya mwisho juu ya pakiti ya dawa. Huona kwamba imeandikwa vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, wala si vinne pamoja. Huangalia karata ya mtoto na kujua siku ya chanjo inayofuata. Huandika neno PETROLI juu ya chupa, na mwenzake huweza kulisoma.

Fanya hivi. Chagua saa moja isiyobadilika, labda baada ya chakula cha jioni. Weka kiti na rafu ndogo katika pembe ile iliyo wazi. Rafu iwe na vitabu vichache: Biblia na kitabu cha nyimbo, kama mlivyozoea, pamoja na kitabu cha shule cha mtoto, kijitabu hiki, na kitabu kimoja mlichoazima kwa rafiki. Simu zote zikae katika chombo kimoja mbali na kiti, mpaka msomaji amalize. Someni kurasa nne tu. Je, nne ni chache? Hesabu wewe mwenyewe: kurasa nne kila jioni ni kurasa 1,460 kwa mwaka, yaani zaidi ya vitabu saba vyenye kurasa 200.

Umeme ukikatika, tumieni taa ya jua au ya betri. Mshumaa usiwekwe karibu na pazia au chandalua, wala usiachwe ukiwaka watu wakilala. Kusoma katika mwanga mdogo huchosha macho, lakini hakuyapofushi.

Wewe baba au mama uliyepita miaka 40, kama herufi zinacheza mbele yako na unasukuma kitabu mbali ili uone, usiseme, "Akili yangu imezeeka." Ni macho tu yamebadilika, kama ya watu wote. Njoo upimwe. Mara nyingi miwani rahisi ya kusomea inatosha.

Na wewe mama ambaye hukupata kujifunza kusoma, usione haya. Mwambie mwanao, "Nisomee." Kaa karibu naye, tazama kidole chake kinavyopita chini ya maneno. Mtoto anayemsomea mama yake huwa msomaji hodari, na mama hujifunza herufi moja baada ya moja. Tena ulizia kama kanisa lenu lina darasa la kusoma kwa watu wazima.

ANZA JUMA HILI

Usifanye yote kwa siku moja. Siku ya kwanza tafuta kila chupa yenye sumu, uiandike jina na kuipandisha juu. Hilo lisingoje hata kesho. Siku ya pili toa vitu vya chini ya kitanda kimoja. Siku ya tatu fua vitambaa vizee na utengeneze kikapu. Siku ya nne pika maharagi ndani yake. Jioni ile ile, maharagi yakiwa tayari na moto ukiwa umezimwa mapema, wakusanye watoto na kufungua kitabu.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, petroli iko wapi sasa hivi? Je, chombo chake kina jina?

2. Mtoto akinywa petroli, kwa nini hatumtapishi?

3. Ni kitu gani kimoja ndani ya nyumba hatukukitumia tangu mwaka jana? Nani angekihitaji?

4. Kwa nini twanyunyiza maji kabla ya kufagia?

5. Maharagi yachemke dakika ngapi kabla ya kuingia katika kikapu?

6. Usiku wa baridi, mbabula yetu hukaa wapi?

7. Jioni ya leo, nani atasoma, na nani atasikiliza?